Macho ya Kukodi

Anayepanga kwenda kuona wanyama Afrika Mashariki huanza na hesabu ya gari. Landkruza ya paa la kufunguka, mafuta, dereva, siku ngapi, viti vingapi. Mara nyingi hesabu hiyo ndiyo inayoiua safari kabla haijaanza. Mwalimu wa sekondari wa Morogoro au fundi seremala wa Tanga akishaigawa gharama ya gari kwa watu wanne anakuta bado imemzidi kimo, anafunga daftari na kuamua kwamba mambo ya hifadhi ni ya wageni kutoka ng'ambo. Ninachotaka kuonyesha katika sura hii ni kwamba hesabu hiyo imeanzia pasipo pake. Yako mapori ambayo gari haliingii hata kwa mwenye fedha zake, nayo ni misitu ya mvua ya milimani. Humo mgeni halipii magurudumu. Anamlipa mtu anayejua kuona. Kwa hiyo msafiri wa kipato cha kawaida anaweza kwenda, na anaweza kwenda vizuri, iwapo atakaza mkono kwenye nauli, kwenye kitanda na kwenye sahani, kisha aulegeze pale anapomlipa mwongoza wageni.

Tofauti ya mbuga na msitu inaanzia machoni. Kwenye nyanda za Serengeti mgeni wa siku moja anaona sehemu kubwa ya kile anachokiona mwenyeji: tembo ni tembo hata akiwa mbali, na dereva akishasimamisha gari kazi kubwa imekwisha. Msituni majani yanaziba kila kitu baada ya hatua chache. Mwanga unaofika chini ni kidogo, wanyama wengi wanaishi juu kwenye vilele vya miti, na wale wa chini wameishi miaka yote kwa kutulia tuli mtu anapopita. Aliyeingia peke yake anatembea saa tatu na kutoka akisema hakuna kitu, miti tu. Hasemi uongo, kwa kuwa miti ndiyo aliyoiona kweli. Lakini amepita chini ya mbega waliomtazama tangu alipovuka kijito, ameruka gogo lenye chura upande wa chini, na ameegemea jiwe lenye mimea ambayo watu wa Ulaya huipanda kwenye vyungu vya madirishani bila kujua kwao ni wapi. Huo ni urujuani wa Usambara. Ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliupeleka kwao mwaka 1892, na leo unauzwa dunia nzima. Huko nyumbani kwake unajificha kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, na mgeni asiyeonyeshwa anaupita.

Tuichukue Udzungwa iwe mfano. Ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, msururu wa milima ya kale unaoanzia Taita nchini Kenya, ukapita Upare, Usambara na Uluguru, hadi kusini mwa Tanzania. Milima hii hukinga unyevu unaotoka Bahari ya Hindi. Hata zama ambazo sehemu kubwa ya bara ilikauka, bahari haikuacha kuinyeshea, hivyo misitu yake imedumu mamilioni ya miaka, kila mmoja ukiwa umejitenga kama kisiwa, na viumbe wa kila kisiwa wakashika njia yao. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 1,990, na hakuna barabara za kumzungusha mtalii ndani kwa gari. Anayetaka kuiona anaiona kwa miguu. Humo anaishi mangabei wa Sanje, aina ya kima asiyepatikana popote duniani nje ya milima hiyo. Yumo mbega mwekundu wa Udzungwa, na yumo sange wa uso wa kijivu, mnyama wa uzito wa gramu kama 700 mwenye pua ndefu inayochezacheza kama mkonga, ambaye sayansi ilimtambua rasmi mwaka 2008 tu. Hazina ya namna hii iko kando ya barabara ya basi la Ifakara.

Ushahidi wa hoja yangu uko katika namna viumbe hawa walivyojulikana. Mwaka 1979 watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walisikia katika msitu wa Udzungwa mlio wa kima wasioujua. Wenyeji waliokuwa nao waliujua. Kwao yule, ndiye mangabei wa Sanje, alikuwa mnyama wa kila siku mwenye jina lake. Mwaka 1991 ndege wa jamii ya kwale, ambaye hakuwa katika kitabu chochote, aligunduliwa katika milima hiyohiyo, na kilichowashtua watafiti mwanzoni ni miguu ya ajabu ndani ya sufuria ya mboga kambini. Wapishi walikuwa wanamla kwale ambaye wataalamu hawajampa jina. Kisha akaja kipunji. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi kuzunguka Mlima Rungwe waliwasikia wawindaji wa Kinyakyusa wakimtaja mnyama wa jina hilo, mwenye haya, asiyeonekana ovyo. Waliposhika njia kumtafuta walimkuta, wakamtangaza kwa ulimwengu mwaka 2005, na mwaka uliofuata ikathibitika kwamba anastahili kuwekwa katika jenasi yake peke yake, jenasi mpya ya kwanza ya kima barani Afrika tangu mwaka 1923. Nikiyaweka matukio haya matatu pamoja sioni bahati. Naona kwamba katika msitu wa mvua maarifa yalikuwa tayari yamo vichwani mwa watu wanaoishi ukingoni mwake, na hata mtaalamu mwenye shahada zake alihitaji kuonyeshwa. Kama yeye alihitaji, mgeni wa siku mbili atajifanyaje hahitaji?

Inafaa kuitazama kwa karibu kazi yenyewe, kwa sababu wengi hudhani mwongozaji kazi yake ni kuonyesha njia. Katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, Usambara Mashariki, matembezi ya usiku hufanyika kwa tochi. Kinyonga ambaye mchana huwezi kumtofautisha na jani, usiku anapolala rangi yake hupauka, na mwanga wa tochi ukimpata anang'aa kama kipande cha karatasi kilichonaswa kwenye tawi. Lakini lazima ujue pa kumulika. Kinyonga halali kwenye shina. Analala kwenye ncha kabisa ya kijiti chembamba, ili nyoka akipanda kijiti kitikisike, naye ajiachie adondoke. Anayelijua hilo hapeperushi tochi kila upande. Anaipitisha polepole kwenye ncha za vijiti, kimo cha kiuno, kisha kimo cha kichwa, anasimama, anakuonyesha dume wa pembe tatu ambaye umempita hatua mbili nyuma. Kisha anachuchumaa karibu na majani makavu na kukuonyesha mwingine, mdogo wa urefu wa kidole, kahawia kama jani lililokufa na mkia mfupi. Mchana kazi hiyohiyo inafanywa kwa masikio. Mchakacho wa majani makavu unaokwenda na kukatika, ukaenda tena na kukatika, unaweza kuwa wa ndege anayechakura au wa sange anayetafuta wadudu kwa pua yake, na aliyeuzoea anazitofautisha sauti hizo kabla hajaona kitu. Matawi yakivunjika juu, mwongozaji anasimama kusikiliza kwanza: mbega akiruka tawi hupiga kishindo, hondohondo akiruka mabawa yake huvuma kwa nguvu hivi kwamba mgeni huinua macho akitafuta kitu kikubwa zaidi ya ndege.

Sasa turudi kwenye fedha. Faida ya msitu ni kwamba sehemu zote ghali za safari ya mbugani zinaondoka zenyewe. Mang'ula, lilipo lango kuu la Udzungwa, unashuka kwenye basi la abiria na kutembea. Amani unafika kwa basi hadi Muheza kwenye barabara ya Tanga, halafu unapanda gari la abiria linalokwea milimani zaidi ya kilomita 30 za barabara mbovu, na hiyo barabara mbovu uikubali kama sehemu ya bei. Msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, ambao ni mabaki ya upande wa mashariki kabisa ya msitu uliokuwa umeungana na ule wa Kongo, unafikiwa kwa matatu. Gesti za vijijini zipo, mama lishe wapo, na raia wa Afrika Mashariki hulipa viingilio vya hifadhi kwa kiwango cha chini sana kuliko mgeni wa nje. Epuka Machi hadi Mei, masika inapofanya njia kuwa utelezi mtupu. Nenda kuanzia Juni. Mambo haya hayahitaji maelezo marefu, kila anayesafiri kwa basi anayajua.

Kinachohitaji kufikiriwa kwa makini ni ukubwa wa kundi, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hujidanganya. Tuseme, kwa mfano tu, mwongozaji anatoza shilingi 60,000 kwa siku. Mkiwa wanne kila mmoja anatoa 15,000. Mkiwa ishirini kila mmoja anatoa 3,000, na mratibu wa safari anashangiliwa kwa kupata bei ya chini. Lakini njia ya msituni ni nyembamba, watu huenda mmoja nyuma ya mwingine. Wa tano hasikii kinachosemwa mbele. Wa kumi anafika pale kima alipokuwa. Wa ishirini anazungumza na wa kumi na tisa habari za mpira, na sauti yao imeshafukuza kila kitu chenye masikio ndani ya mita mia. Hapo kila mmoja ametoa 3,000 na hakupata kitu, wakati yule wa kundi la wanne amepata siku nzima ya macho ya mtu mwingine. Waswahili walishasema rahisi huvunja upishi. Wanafunzi wakija arobaini, na inapendeza sana waje, shule itafute waongozaji kadhaa na iwagawe, hata kama ni lazima ipunguze siku moja ya kulala ili hesabu ikubali.

Pingamizi la kwanza, nalo ni zito, ni kwamba msitu hauna simba. Mtu amejinyima miezi sita, amechukua watoto, anataka warudi na hadithi ya mnyama anayejulikana hata na bibi yao. Silibezi hilo. Simba ana haki yake, na anayemtaka simba Mikumi iko njia hiyohiyo ya kwenda Udzungwa. Lakini tuangalie msitu unapokuwa na mnyama maarufu nini hutokea kwenye bei. Kibali cha kuwaona gorila wa milimani nchini Rwanda ni dola 1,500 kwa mgeni wa nje tangu mwaka 2017, na muda wa kukaa nao ni saa moja. Bei hiyo ina sababu zake, kwa kuwa gorila hupata maradhi ya binadamu kirahisi na wageni lazima wawe wachache. Hata hivyo inatufundisha kwamba bei ya juu ya msitu inafuata umaarufu wa mnyama, haifuati uadimu wa mahali pekee. Mangabei wa Sanje anapatikana sehemu finyu kuliko simba, tembo na twiga wote, na kumfuata hakuhitaji kibali cha dola mia kadhaa. Amani kuna chura mdogo asiyetaga mayai majini kama wenzake, anazaa watoto waliokwisha kuwa vyura kamili. Mtoto wa darasa la tano aliyefundishwa kwamba chura hupitia hatua ya kiluwiluwi akionyeshwa huyo, na akaelezwa, atakuwa na swali la kumuuliza mwalimu wake. Ila angalia: bila maelezo, chura huyo ni chura mdogo tu. Thamani yake inafunguliwa na mtu anayeongea.

Wapo watakaosema simu imemaliza kazi ya mwongozaji. Zipo programu zinazotambua ndege kwa sauti na mimea kwa picha, na ni nzuri. Mwongozaji hodari naye huzitumia. Kasoro yake ni kwamba zinajua spishi, hazijui wiki hii. Hazijui kwamba mkuyu ulio nyuma ya korongo umeanza kuiva tangu Jumatatu na hondohondo na kulukulu wanaushukia alfajiri, wala kwamba kundi la mbega lilihama upande wa mto baada ya mti kuanguka. Maarifa ya namna hiyo yanachakaa kwa siku chache, na anayeyahuisha ni yule aliyepita jana. Tena ziko tabia ambazo picha haisemi. Katika Jozani, Unguja, kima punju huonekana akiokota mkaa na kuutafuna. Simu itakwambia huyo ni kima punju. Aliyekulia karibu naye atakueleza kwamba anakula majani ya mikungu na miembe ya mashambani, yenye vitu vinavyolisumbua tumbo, na mkaa unampunguzia taabu. Kisha atakuonyesha kisiki kilichoungua anachokirudia.

Pingamizi la tatu linauma zaidi kwa kuwa lina ukweli. Waongozaji si wote wanajua. Kuna wanaokwenda mbio hadi kwenye maporomoko ya Sanje, kule Udzungwa, yenye kimo cha mita 170, wanakupiga picha, wanakurudisha, na siku imekwisha. Maporomoko ni mazuri, lakini maji yale yanaonwa na macho yoyote. Hukuhitaji kukodi mengine. Jibu langu ni kwamba kosa hilo mara nyingi linaanzia kwa mgeni. Mwongozaji hujifunza kile ambacho wateja wake wanakiulizia, na wateja tisa kati ya kumi wakiuliza ni saa ngapi hadi maporomoko, atajua saa. Kwa hiyo jioni kabla ya safari kaa naye uulize kitu kingine: wiki hii miti gani ina matunda, mbega wekundu wamelala upande upi, ndege gani ameanza kujenga kiota. Anayejua hujibu huku akiinua mkono kuonyesha upande. Asiyejua hujibu kwamba wanyama ni wengi sana. Mwambie pia kwamba utaridhika kutembea kilomita tatu tu, kwani wengi hukimbia kwa kudhani mgeni anapima thamani kwa umbali. Anza alfajiri, nyamaza, simama anaposimama.

Limebaki jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko hesabu yote iliyotangulia. Mtu anaweza kuniambia: wewe unahimiza watu wengi waingie msituni kwa bei ndogo, na msitu unaumia kwa nyayo, na mwongozaji anaumia kwa malipo ya kubana. Nakubali kwamba bei ndogo inayotokana na kumpunja mwongozaji ni wizi, haijalishi mpunjaji ana shida kiasi gani. Lakini tuangalie hali ya watu wanaopakana na misitu hii. Wazee wanaojua majina ya miti na milio ya wanyama hawakuyasoma. Waliyapata wakiwa watoto, walipoingia kuokota kuni, uyoga, dawa na asali, na wengine walipofuatana na baba zao kuwinda. Hifadhi ilipokuja milango hiyo ilifungwa mmoja baada ya mwingine. Udzungwa hata ruhusa ya akina mama kuokota kuni zilizokauka siku moja kwa wiki ilikoma. Sababu za uhifadhi naziheshimu, kwa kuwa msitu uliozungukwa na mashamba ya miwa na vijiji vinavyokua usingevumilia kila mkono. Lakini matokeo yake ni kwamba kijana wa miaka 15 anayeishi hatua mia kutoka ukingo wa msitu anaweza asiwe ameingia ndani hata mara moja. Yule mzee aliyemtambua mangabei kwa mlio hana wa kumrithisha.

Njia iliyobaki iliyo halali, inayomwingiza kijana huyo msituni siku baada ya siku hadi masikio yake yazoee, ni kazi ya kuongoza wageni. Na wageni wa dola hawatoshi kuibeba, maana wanakuja kwa misimu, na walipokatika mwaka 2020 kwa ajili ya korona waongozaji wengi walirudi kwenye jembe na bodaboda. Mgeni anayeweza kufika kwa basi, mwezi wowote usio wa masika, ni mwenyeji wa nchi yenyewe. Ndiyo maana nasisitiza ada ya mwongozaji ikatwe kwanza kwenye bajeti, kabla ya nauli, kama mtu anavyokata ada ya shule kabla ya sikukuu. Kama kundi lenu ni la watu wanne na mna ziada kidogo, ulizeni langoni kama mwongozaji anaweza kuja na kijana anayejifunza, nanyi mumlipe posho yake ya siku. Atatembea nyuma, atabeba maji, na mwongozaji atakaponyanyua kiganja kuwanyamazisha, yeye naye atatega sikio, na mara nyingine atakuwa wa kwanza kunyoosha kidole.